Vishanga Mia vya Zainabu

Kila asubuhi shangazi Mariyamu aliwasha jenereta, naye Zainabu akahesabu vishanga. Ndiyo kazi aliyopewa tangu shule ifungwe kwa sababu ya vita: kuinamia hadubini katika kituo cha uchunguzi wa ziwa, hapo Rumonge, na kusema vimefika vingapi.

Shangazi alikuwa amemweleza mara nyingi. Mashine ya kuchambua seli za mwani ilirusha maji membamba kama uzi, na uzi ule ukakatika matone. Juu, mwanga uliiona seli ikipita. Chini, tone lenye seli ile lilivutwa pembeni, likaangukia kichupani. Kati ya seli kuonwa na tone kukatika palikuwa na muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Muda huo ukikosewa, mashine huvuta tone tupu, na seli huenda na maji ya taka. Kwa hiyo walitangulia kupitisha vishanga mia, vidogo visivyoonekana kwa macho, wakavidondosha kwenye kioo na kuvihesabu: vikifika karibu vyote, muda ni sahihi.

Asubuhi hiyo bunduki zililia upande wa milimani. Zainabu alisimama, akakaa, akaenda tena dirishani. Asmani mvuvi alikuwa ameleta chupa ya maji kutoka kambi ya waliokimbia vita kule Gatete, ambako watoto walikuwa wakitapika wiki ya pili sasa. Wakubwa wa kambi waliandika kwamba maji ni safi, ni njaa tu. Wao maji yale hawakuyanywa. Asmani alisema amevuka vizuizi viwili vya askari, na kule harudi.

"Vingapi?" shangazi aliuliza.

Jana vilikuwa tisini na saba. Zainabu akajibu tisini na saba, bila kuinamia hadubini.

Shangazi alimimina nusu ya chupa mashineni. Mashine ilinguruma saa nzima ikitafuta seli za mwani wenye sumu. Skrini ikasema imekusanya elfu mbili. Kichupani hazikuonekana hata mia.

"Kumbe hata seli zinakimbia vita," Asmani alisema.

"Shangazi," Zainabu alisema, "sikuhesabu."

Mariyamu alimwambia akae. Wakapitisha vishanga upya: vinne tu. Chumba kilikuwa na joto zaidi kuliko jana, na uzi wa maji ulikatikia mahali pengine. Shangazi akaongeza muda kidogo: hamsini na nane. Akaongeza tena: tisini na sita. Tena: themanini na moja. Akarudi hatua moja. Zainabu alihesabu kila kioo mara mbili, jasho likimtiririka, milio ya bunduki ikisogea karibu.

Nusu iliyobaki ilipopita, kichupa kilikuwa na seli tele, na zilikuwa za sumu. Shangazi aliandika karatasi: watu wa kambi wasichote tena ziwani, wachote kwenye chemchemi. Asmani alivaa kofia yake.

"Mimi nilisema sirudi," alisema. "Lete hiyo karatasi."

Siku ya nne habari ilifika kwamba watoto wameacha kutapika. Zainabu alitaka kufurahi, lakini shangazi alimketisha kwanza.

"Mwaka wa sabini na mbili, wakati wa mauaji, askari walimchukua baba yangu hapahapa Rumonge, hakurudi. Kwenye karatasi zao waliandika 'watu kadhaa'. Aliyeandika hakuhesabu. Baba yangu hakuwa kadhaa, mutoto wangu. Alikuwa mmoja, jina lake Alimasi. Ukiandika namba, uwe umeihesabu."

Kesho yake Zainabu aliinamia hadubini kabla hajaulizwa.