Nywele za Ozenilda

Risasi ya tatu ilipasua kioo cha mbele.

Jandira aliinama, akaiongezea mafuta injini ya Yamaha ya nguvu za farasi arobaini, boti ikaruka juu ya maji ya mto Tapajós. Nyuma yake, watu wa Gaudêncio, tajiri wa machimbo ya dhahabu, walikuwa wamebakiza mita mia mbili.

Akakata kushoto, akapenya kwenye msitu uliofurika. Boti yao ilikuwa nzito. Ikakwama kwenye mizizi.

Kimya.

Alijigusa bega. Damu kidogo, kipande cha kioo tu. Bastola ya Glock ilikuwa kiunoni. Sanduku la barafu lilikuwa miguuni, muhuri wake haujaguswa.

Ndani mlikuwa na tucunaré kumi na wawili, samaki wanaokula samaki wenzao, waliovuliwa chini ya mitambo ya dhahabu. Gaudêncio aliingiza zebaki ya kunasia dhahabu kwa magendo ndani ya chupa za shampuu. Wakili wake aliapa mahakamani kwamba zebaki ya mtoni ni ya udongo, iko tangu enzi za kale. Lakini zebaki ina atomi nyepesi na nzito, zinazoitwa isotopu, na uwiano wake kwenye chupa zile si ule wa udongo. Inaingia kwa mdudu, kwa dagaa, kwa tucunaré, na bado inataja ilikotoka.

Ijumaa hakimu angeamua. Bila ushahidi, tani mbili za zebaki yake zilizozuiwa bandarini zingeachiwa.

Kijijini alipokewa na Ozenilda, mwanamke mwenye mimba ya miezi minane.

"Nitunzie hili, dada. Ni samaki."

"Karibu sana! Kaoshe hilo bega."

Jandira akaenda kuificha boti chini ya matawi, akalisafisha jeraha. Alikawia saa nzima. Aliporudi, alikutana na harufu.

Harufu ya samaki wa kuchoma.

"Ozenilda! Samaki wangu wako wapi?"

"Wako tumboni, wako wapi tena!" Ozenilda alicheka. "Nyumba zote saba zimepata. Wewe nimekuwekea kichwa, na farinha ya muhogo hii hapa."

"Hukuona muhuri?"

"Nimeuona. Nikasema, mjini wanamfunga samaki kama barua!" Kicheko kikamkauka. "Mbona hivyo, dada? Nimekosa nini?"

Hakuwa na kosa. Jandira alizaliwa kwenye mto huu huu. Alijua kwamba hapa samaki anayekabidhiwa mwenye nyumba hasubiri kesho, wala haliwi na nyumba moja. Alikaa miaka sita mjini, akasahau.

Alifungua simu ya setilaiti, akampigia chifu wake wa upelelezi mjini.

"Mdiria hapa," alijitaja kwa jina lake la kazi. "Mzigo umepotea."

"Umepotea vipi?"

"Umeliwa."

"Waliula kina nani?"

Jandira aliwatazama Ozenilda na majirani zake. Walikuwa wakilamba vidole.

"Watu wa mto," alisema. Kisha polepole: "Chifu, wanakula samaki hao kila siku. Zebaki hukaa kwenye nywele. Zao zinafaa?"

"Zinafaa. Ndege inakuja."

Ozenilda alisikiliza maelezo yote bila kukatiza. Kisha akafungua kilemba, nywele zikamshuka hadi kiunoni.

"Kata. Ila usinifanye nifanane na mume wangu mwenye kipara."

Mkasi ulikata karibu na ngozi. Jandira alifunga kishungi kwa uzi, akaandika jina na tarehe. Ndege ndogo ikatua majini, ikaondoka nacho.

Siku tatu alijificha kwenye nyumba ile. Ijumaa adhuhuri simu ililia.

"Mdiria, zimelingana. Ni zebaki ya chupa. Shehena imetaifishwa, Gaudêncio ametiwa pingu. Kazi nzuri."

"Na mwenye nywele?"

"Zebaki yake ni mara nne ya kikomo cha usalama." Sauti ikashuka. "Na urefu wa nywele unaonyesha imepanda tangu alipobeba mimba."

Ozenilda alikuwa amesimama mlangoni. Amesikia yote.

"Mtoto wangu je?"

Jandira alikuwa na Glock, simu ya setilaiti na darubini ya usiku. Hakuwa na dawa.

"Usile tucunaré tena, dada. Kula samaki wanaokula matunda, wana zebaki kidogo."

"Msimu wao umepita. Nile nini leo?"

Jandira aliirudisha simu mfukoni.

"Basi nenda," Ozenilda alisema kwa upole. "Umefanya yako."

Alishuka gatini kwa hatua zilezile alizofundishwa kazini, mgongo umenyooka, bila kugeuka. Akaiwasha Yamaha. Mwendo mzima hakuthubutu kutumbukiza mkono majini.