Pete ya Mguuni

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mdogo, alikuwa fundi saa, mtu aliyetulia kama maji ya mtungini. Dada ndiye aliyemsukuma aje nasi, kikundi cha kuwavisha ndege pete, kisiwani vuli ile, wakati ndege wa kaskazini wanapohamia kusini.

"Kaka, mtoe akapigwe na upepo," alisema. "Ila unirudishie. Sina mwingine."

"Nani atamwiba?" nikamjibu. "Hata mwizi ataona uzito."

Asubuhi ilikuwa njema. Tulitandaza nyavu nyembamba baina ya vichaka, tukanasa mbayuwayu. Nasema mbayuwayu, si teleka, wengi huwachanganya. Kila mmoja tulimpulizia manyoya ya kifuani kuona kama ana mafuta ya safari, tukamvisha pete ya alumini mguuni, tukamwachia. Kiongozi wetu, muuguzi mstaafu tuliyemwita Mama Darubini, alikuwa na sharti moja: aliyekuta ndege wavuni hupiga mluzi, na mwenzake huenda kumsaidia.

Adhuhuri ukungu ukashuka. Mluzi ukasikika kutoka mwisho wa nyavu.

"Naenda mimi," alisema shemeji, akatumbukia katika weupe ule.

Mama Darubini akanishika mkono. "Nani yuko kule?" akanong'ona.

Nikageuka. Wenzetu wote walikuwa wameketi nyuma yetu, wanakunywa chai.

Tuliita. Hakuitika. Ndege nao walinyamaza. Wote.

Ukungu ulipoinuka, tulimkuta kando ya wavu, mikono imebanwa ubavuni, vifungo vya shati vimefunguliwa.

"Alikuwa nani?" nikamuuliza.

"Ana mikono ya joto," akasema taratibu. "Alinipulizia kifuani. Akaniachia."

Juu ya kifundo cha mguu wake palikuwa na pete ya alumini. Haikuwa na maungio.

Nilimrudisha kwa dada, kama nilivyoagizwa. Lakini fundi hakukaa tena. Saa za watu zikalala mezani. Alizunguka chumba kutwa, kisha akasimama kwenye dirisha la kusini na kulisukuma kwa kifua. Dada akaliziba kwa kabati. Akasukuma kabati. Tulijaribu kuikata pete kwa msumeno. Meno yakakatika, naye akatoa sauti nisiyopenda kuikumbuka.

Vuli ikarudi. "Anakula, kaka," dada alininong'oneza. "Anakula kama msafiri."

Siku moja dada alitoka jikoni na bakuli la uji mkononi, ufunguo wa chumba alimomfungia kiunoni. Akafungua. Kabati lilikuwa mahali pake. Shemeji hakuwamo. Sakafuni palikuwa na pete, haikukatwa, haikufunguka. Sasa haikupita hata kwenye kidole changu cha mwisho.

Dada hataki niitupe. Jana nilimkuta amesogeza kabati, amekaa dirishani, amevua viatu.

"Sikiliza, kaka. Si kuna mtu anapiga mluzi?"

Nilimwambia hapana. Kisha nikafunga dirisha, maana nami nilikuwa nimeusikia.