Wati Arobaini

"Hivi mama, huyo mkwe wako mtarajiwa anauza moshi au anauza maneno?"

Jirani yangu aliniuliza hivyo siku ya posa. Nilimjibu Mungu ndiye ajuaye, nikaendelea kuanika nguo.

Zilibaki siku tisa tu kabla ya ndoa tulipokwenda dukani kwake, mimi na binti yangu. Binti ni fundi cherehani, alitaka kumpima suti. Mkwe ni fundi wa vepu, zile sigara za umeme. Mimi nilikaa kwenye stuli karibu na mlango. Moshi siupendi, ila macho ninayo.

Akaingia mteja, mzee mwenye kofia, kanuna.

"Fundi, umeniuzia koili gani, hiki kiwaya cha kuchemshia juisi ya moshi? Omu kubwa, moshi kiduchu! Ladha kama navuta maji!"

"Umeiweka wati ngapi, baba?"

"Thelathini."

"Ndipo ulipoiua! Koili ya omu kubwa hubana umeme, haitaki papara. Wati kumi na mbili tu. Ikiwa mpya, dondoshea pamba iliyo ndani yake juisi, juisi nyepesi, usubiri dakika kumi. Halafu bana tundu la hewa, vuta taratibu kama mtu anayenywa chai ya moto. Moshi hautajaza chumba, lakini ladha itajaa mdomo mzima."

"Maneno hayo."

"Nitazame mimi."

Akachukua vepu yake mezani, akavuta. Masikini! Alikohoa hadi machozi yakamtoka. Duka zima likanuka kitambaa kilichounguzwa na pasi.

Mzee akachungulia kile kioo kidogo cha vepu.

"Arobaini! Haya, mganga kalishwa dawa yake." Akatoka anacheka.

Binti yangu hakucheka. Futi ya kupimia ilikuwa imezunguka kifua cha mchumba wake.

"Nani kaweka arobaini?"

"Nimebonyeza kwa bahati mbaya, mpenzi."

"Wewe? Wewe uliyemgombeza mteja sasa hivi kwa wati thelathini?"

"Labda mfukoni..."

Nilitaka kunyamaza. Wallahi nilitaka. Lakini mtoto ni wangu.

"Baba," nikamwambia mkwe, "si juzi ulinieleza huwa unaifunga, isijibonyeze yenyewe mfukoni? Hiyo imefunguliwa na mtu."

Akairudisha vepu mezani.

"Moyo wako unakwenda mbio," binti akasema. Mkono wake ulikuwa bado kifuani pa mchumba wake. "Nani?"

"Mteja tu."

"Mteja! Mimi mkeo wa wiki ijayo hunipi hata niishike. Nani?"

"Ni... yule mpenzi wangu wa zamani. Yeye kazoea mashine za mawingu, zile za moshi mwingi, akaona hii haitoi moshi, akaipandisha. Alipita mara moja tu."

"Lini?"

"Jana."

Binti akatoa simu, akasoma ujumbe wa mchumba wake kwa sauti isiyopanda wala kushuka:

"'Mpenzi, kichwa kinaniuma, leo sikufungua duka. Nimelala nyumbani. Usije, nisije nikakuambukiza mafua.' Jana, saa nne asubuhi."

Kijana akajaribu kumshika mkono.

"Alikuja kuniaga! Nakuapia. Amesikia naoa, akaja kuniaga."

"Wapi? Dukani hukufungua."

Akaanza kuipangusa meza.

"Nakuuliza wapi?"

"Nyumbani," akasema. "Lakini tuliongea tu..."

"Mwanangu," nikamwambia kijana, "anayekuja kuaga husimama mlangoni. Hakai akavuta mpaka pamba ikaungua."

Akanigeukia, mikono ameikunja kama anaomba.

"Mama, wewe mtu wa sala. Niombee kwake. Ni mara moja tu, ya mwisho kabla ya ndoa. Kadi zimeshagawiwa, watu watasema nini?"

"Kila alfajiri nilimwomba Mungu kama kuna jambo, alifunue kabla binti yangu hajaingia nyumbani kwako. Sasa nimwombe alifunike?"

Akaniacha, akageuka.

"Nipige, nitukane," akamwambia binti yangu. "Sema chochote!"

Binti alichomoa pini mbili alizokuwa amezichomeka begani mwa kijana, akazichomeka kwenye kola yake mwenyewe, moja baada ya nyingine. Akaivuta futi kutoka kifuani pa yule kijana taratibu, akaikunja, akaitia mkobani. Akanisaidia kuinuka kwenye stuli. Kisha akafungua mlango, tukatoka.