Mlio wa Gurudumu Lililosimama

Gurudumu lilikuwa limesimama, lakini mlio uliendelea.

Fundi aliliangalia gurudumu la mbele kushoto lililoning'inia juu ya jeki, akaliwekea kiganja. Halikutikisika. Injini ilikuwa imezimwa na ufunguo alikuwa nao mfukoni. Na bado, kutoka mle ndani, ulikuja mlio mzito, vuuu, ukishuka polepole kama wa gari linalopunguza mwendo ili liegeshwe. Kisha ukakatika.

"Uzee huo unapiga hodi," alijisemea, akacheka peke yake. Pale gerejini kila mtu alimwita Sikio, na jina hilo hakupewa bure. Wenzake walilivua gari nguo zote ndipo wajue linaumwa nini. Yeye alisikiliza, akaonyesha kwa kidole, basi, kazi imekwisha.

Gari hilo dogo la kijivu lililetwa asubuhi na mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mpole aliyelinunua majuzi kwa mtu. Likishika kasi, alisema, linanguruma.

"Niigizie, mwalimu. Linanguruma vipi?"

Mafundi wote huuliza hivyo. Mteja hajui jina la kifaa, lakini mlio anaweza kuutoa kwa mdomo, na Sikio alikwisha kuona watu wazima wenye vitambi na vyeo vyao wakikoroma na kubweka mbele ya magari bila haya. Huyu alikataa. Alifunika mdomo kwa kiganja, akatikisa kichwa.

"Liendeshe tu, fundi. Utausikia."

Sikio alilipeleka barabara kuu, akakata usukani taratibu kulia, kisha kushoto. Beringi mbovu hulia zaidi inapolaliwa na uzito: ukikata kulia kelele ikazidi, mgonjwa yuko kushoto. Tairi lililolika vibaya halijali unakata wapi. Hubadilisha sauti lami inapobadilika. Mlio huu haukujali lolote kati ya hayo. Akiinamisha sikio la kulia, unatoka kulia. Akigeuza la kushoto, unamfuata huko huko. Alirudi gerejini, akahamisha matairi ya mbele nyuma na ya nyuma mbele, akafunga beringi mpya, akazungusha kila gurudumu kwa mkono huku ameshika springi, maana beringi iliyokufa husikika vidoleni kabla haijafika masikioni. Zote zilikuwa laini kabisa. Ndipo gurudumu likasimama na mlio ukaendelea.

Mwalimu alipokuja jioni, Sikio aliona aibu kusema ameshindwa, akajitia kueleza.

"Beringi, mwalimu, ingelia kwa kukwaruza. Hili lako linalia hivi." Alivuta pumzi, akautoa ule mlio kutoka chini kabisa ya kifua, sawasawa kama ulivyo.

Mwalimu aliruka nyuma, akajigonga kwenye meza ya spana.

"Kwa nini umefanya hivyo?" alinong'ona.

Walilijaribu gari pamoja. Lilikwenda kimya kama maji ya mtungini. Sikio akatania kwamba limemwogopa. Mwalimu hakucheka, aliondoka bila hata kuaga vizuri.

Nyumbani, wakati wa chakula, Sikio alimsimulia mkewe kisa cha mwalimu mwoga, na kisa hakinogi bila sauti, akauigiza tena ule mlio. Mkewe, fundi cherehani mwenye kicheko cha karibu, alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Binti yao, Kidoti, alikuwa na umri wa kuanza shule na tabia ya kasuku: chochote afanyacho baba, naye atafanya. Akajaza mashavu pumzi, akaurudisha.

Ulitoka mzito. Ulitoka mzito kuliko wa baba yake, ukatikisa maji kwenye bilauri, sauti ambayo kifua kidogo kile hakina pa kuiweka. Kicheko cha mama yake kilikatika katikati.

"Rudia uone!" mama alimfokea, kwa woga tu.

Kidoti hakurudia. Hakuwa na haja. Kesho yake alipokimbia uani kufuata mpira, mlio ulikimbia naye, ukipanda alipoongeza mbio na kushuka alipotembea, na aliposimama ulijikokota kidogo, ukanyamaza. Nyumba ikaanza kunuka grisi iliyoungua. Mama alifua mashuka, akasugua sakafu, akamtuhumu mumewe kuingia na nguo za kazi; harufu ilibaki palepale, hasa karibu na nywele za mtoto. Wakamkataza kukimbia, kisha kuruka kamba, kisha wakawa wanambeba, na alipobebwa mlio ulinyamaza, wakadhani wameujulia.

Mchana mmoja Kidoti alilala kwenye mkeka sebuleni, mama akiwa kwenye cherehani na baba mlangoni akifungua viatu, dirisha wazi, jua limejaa chumbani, na mlio ukaanza, chini kwanza, mbali, kama gari linaloondoka kwenye kona ya mtaa, na mama akaondoa mguu kwenye kanyagio akidhani ni cherehani, na cherehani ikasimama, na mlio ukapanda, mtoto amelala chali hajatikisa hata kidole, macho yamefumba, mlio ukipanda gia baada ya gia kama dereva ameiona barabara iko wazi mbele yake na hana haja tena ya breki, mpaka vioo vya kabati vikaanza kulia na harufu ya grisi ikawakaba koo, na Sikio akajitupa magotini, akaweka kiganja kwenye kifua cha mwanawe kama alivyozoea kuweka kwenye springi, na kifua kilikuwa kinatetemeka, na kilikuwa cha moto.

Hapo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Beringi inaponguruma, bado una muda. Ikichemka, muda umekwisha. Itakwama, na gurudumu litachomoka gari likiwa mbioni.

Daktari alisema moyo unakwenda mbio na sababu haioni. Sikio akampigia mwalimu simu.

"Aliyeniuzia alinikataza nisiuigize," mwalimu alisema huku analia. "Nikajua ananitania, lakini nikaogopa. Nisamehe, fundi. Niliona haya kukuambia."

Shangazi wa mkewe ndiye aliyekuwa akitibu watu wenye majini, mwanamke mwembamba asiye na subira, aliyefika akiwa bado na kapu la sokoni mkononi. Alikaa karibu na Kidoti, akasikiliza mlio ukipanda na kushuka. Hakusoma kitu wala hakuwasha kitu.

"Huyu ni jini wa mwendo," alisema kwa sauti ya chini. "Hana miguu yake. Anatafuta wa kumbeba, na anamwendesha mpaka amalizike. Wa mwisho kumbeba alifia mle garini, naye akabaki kwenye magurudumu anangoja aitwe. Nani alimwita?"

"Mimi," alisema Sikio. "Niliuigiza."

"Ukamleta mpaka mezani. Na mtoto akamwita kwa sauti tamu zaidi."

"Mfukuze, shangazi!" mke alimshika mikono. "Mrudishe kwenye hilo gari!"

"Gari lina mdomo? Hafukuziki, mwanangu. Anahama tu, kwa atakayemwita vizuri kuliko aliyenaye."

Mke hakungoja. Aliinama juu ya mtoto, akajaribu, vuuu, vuuu, sauti ikimkwama kwa kilio, na mlio haukumsikiliza. Sikio alimsogeza taratibu. Kazi hiyo ilikuwa yake. Hakuna aliyeujua mlio huo kama yeye. Aliinamisha kichwa hadi kifuani pa Kidoti, akausikiliza mpaka mwisho wake, kisha akafungua kinywa.

Kifua cha mtoto kikatulia. Mkono wake ukapoa, jasho likamtoka kwenye paji la uso. Sikio aliona mkewe anamkumbatia mtoto na midomo yake inakwenda, inakwenda, lakini hakusikia neno; mngurumo ulikuwa umejaa kichwani pote, na moto ulikuwa umeanza chini ya mbavu zake.

Kidoti alifumbua macho. Alimtazama mama, akamtazama baba. Aliinamisha shingo, akisikiliza kile kilichokuwa kinanguruma ndani ya baba yake, akatabasamu. Kisha akajaza mashavu pumzi.

Sikio alimziba mdomo kwa kiganja, kwa nguvu kuliko alivyotaka. Uso wa mtoto ukakunjamana, machozi yakamtiririkia vidoleni. Alimwachia mama yake, akasimama, akatoka nje bila viatu. Alitembea kuelekea barabarani, na kadiri alivyoongeza mwendo mngurumo ulizidi, lakini hakupunguza, maana nyuma yake Kidoti alikuwa amefika mlangoni na alikuwa bado anasikiliza.