Mstari wa Nane

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijaupanda ukuta wa jirani, Darubini na baba yake walikaa uani kuihudumia pikipiki. Baba alikuwa mpeleka mikate. Aliichukua ikiwa bado moto kwa mwokaji na kuisambaza madukani, na pikipiki ndiyo iliyokuwa miguu yake.

Binti yake alikuwa na miaka kumi na mitatu. Hilo la Darubini halikuwa jina la kuzaliwa nalo. Alilipata siku baba alipotambua kwamba macho yake mwenyewe yameanza kumsaliti. Barabara ndefu aliiona mpaka mwisho, lakini kitu cha karibu, kama tundu la sindano au maandishi ya chupa ya dawa, kilikuwa ukungu mtupu. "Wewe ndiye darubini yangu," alimwambia, na jina likamganda.

Darubini alitembea kwa magongo tangu alipougua akiwa mchanga. Hakuweza kukimbia wala kubeba ndoo, lakini katika kazi ya kukaa chini kando ya gurudumu hakuna aliyemshinda. Cheni ilikuwa yake. Aliisugua kwa mswaki mkuukuu uliochovywa mafuta ya taa, akaipangusa kwa kitambaa, kisha akadondosha oili tone kwa tone huku baba akizungusha gurudumu kwa mkono, injini ikiwa imezimwa.

"Usiimwagie kama unamwagilia bustani," baba alizoea kumtania. "Oili ikizidi hunasa vumbi, na vumbi ndilo linaloitafuna cheni."

Halafu ilikuja kazi ya macho. Kwenye chuma kinachoshika gurudumu la nyuma palikuwa na mistari minane midogo. Cheni ilipolegea, baba aliikaza kwa kulisogeza gurudumu nyuma kidogo, na Darubini akamsomea limefika mstari wa ngapi. Fundi wao alikwisha kuwaonya. Watu walimwita Kimya kwa utani, maana mdomo wa fundi yule haukujua likizo.

"Mkifika mstari wa nane, msikaze tena!" alisema huku akipunga spana. "Hapo cheni imekwisha, hata ing'ae kama sufuria mpya. Nileteeni niibadilishe pamoja na spoketi zote mbili, yale magurudumu ya meno, la mbele na la nyuma. Cheni mpya kwenye meno yaliyolika ni kazi bure, yataila nayo. Na mjue, cheni ya pikipiki hii naiagiza mbali. Hiyo ni siku tano za kungoja, mtake msitake."

Jumamosi moja Darubini aliinama kusoma. Mstari wa nane. Akajikokota upande wa pili, na huko pia ulikuwa wa nane. Akaivuta cheni pale inapozunguka nyuma ya spoketi, ikainuka juu ya meno hata ncha ya kidole chake ikapita chini yake.

Jumatatu iliyofuata ulikuwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, na tangu darasa la kwanza alifika huko nyuma ya mgongo wa baba, magongo yakiwa yamefungwa ubavuni mwa kapu la mikate. Siku tano! Pikipiki ikilala kwa Kimya, nani atamvusha lile bonde?

"Haya, Darubini, tumefika wapi?" baba aliuliza, spana mkononi.

"Wa sita, baba. Bado miwili."

"Safi. Basi itatuvusha salama." Baba akaikaza cheni na kuibana nati. Hakuwa na sababu ya kuuliza mara mbili.

Jumapili nzima neno "sita" lilimkaa Darubini kooni. Pikipiki iliporudi jioni aliisikia ikikwaruza, krr, krr, na mara mbili alifungua kinywa aseme. Akajiambia ni siku moja tu imebaki, halafu atasema kila kitu. Alilala akiwa ameikumbatia sare yake iliyopigwa pasi.

Jumatatu walikuwa wakipanda mwinuko wa bonde pale cheni ilipokatika. Ulisikika mlio mkali, cheni ikajikusanya kwenye spoketi ya mbele, na gurudumu la nyuma likasimama ghafla. Pikipiki ilipinduka. Darubini alirushwa kwenye majani, akachubuka kiwiko tu. Baba alilaliwa na pikipiki, na mguu wake wa kulia ulikuwa umepinda mahali ambapo mguu haupindi.

Magongo yalikuwa yameangukia mtaroni. Darubini alitambaa kwa mikono kumfikia baba, akajaribu kuisukuma pikipiki, isitikisike. Akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Hakuwahi kuichukia miguu yake kama alivyoichukia asubuhi hiyo, ingawa alijua vizuri kwamba kosa halikuwa la miguu.

Wafanyakazi waliokuwa wakichimba mtaro wa mabomba walikuja mbio. Walipomtoa baba, uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Niacheni mimi kwanza," alisema kwa shida. "Mfikisheni huyu mtoto shuleni. Leo ana mtihani."

"Baba, siendi!"

"Utakwenda. Nimekuleta mpaka hapa kwa ajili hiyo."

Mmoja wao alimbeba mgongoni mpaka mlango wa darasa. Mtihani ulikuwa ndiyo kwanza umeanza, wakamruhusu kuingia. Darubini akaiweka karatasi mbele yake. Macho yake yaliziona herufi zote, hata zile ndogo za chini kabisa, lakini hakuna hata moja iliyoingia kichwani. Aliandika namba yake. Kengele ilipolia, hiyo namba ndiyo iliyokuwa kazi yake yote. Alichodanganya ili akipate alikuwa amekipata, nacho kilikuwa karatasi tupu.

Nyumbani nako kulikuwa na jingine. Mama alilia, kisha hasira ikachukua nafasi ya machozi.

"Ni huyo Kimya!" aliwaambia majirani. "Katuwekea cheni bandia. Maneno mengi, kazi sufuri!"

Maneno hayana miguu, lakini yalifika mtaa wa tatu kabla ya jioni. Kufikia Jumatano, kibanda cha fundi hakikuwa na pikipiki hata moja. Darubini alipita mbele yake akienda na mama hospitali. Kimya alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono mapajani, haongei na mtu. Darubini aliinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Walikuwa kando ya kitanda cha baba pale fundi alipoingia wodini na mfuko mkononi. Akaitoa ile cheni iliyokatika, akaishika katikati kwa ubavu. Ncha zake zikaanguka pande zote mbili kama kamba.

"Cheni nzima haipindi ubavu hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Na meno ya spoketi yamechongoka kama kucha. Hii haikuwa bandia, shemeji. Ilikwisha siku nyingi. Nilisema ikifika mstari wa nane msikaze."

"Haikufika," baba akajibu. "Ulikuwa wa sita. Mwanangu ndiye aliyesoma."

"Labda hakuona vizuri."

Baba akajiinua kwa viwiko, mguu wake ukiwa kwenye plasta mpaka pajani. "Fundi, nakuheshimu. Lakini nikilazimika kuchagua kati ya maneno yako na macho ya mtoto huyu, nachagua macho yake. Hayajawahi kunidanganya."

Hapo Darubini akahisi kitu kinakatika ndani yake.

"Ulikuwa wa nane," alisema. "Baba, ulikuwa wa nane. Niliona. Nilitaka mtihani usinipite."

Mama alishika mdomo. Fundi alikunjakunja mfuko wake tupu. Baba alimtazama binti yake kwa muda mrefu, kisha akalala tena polepole na kugeuzia uso ukutani. Darubini alingoja fimbo ya maneno, na haikuja. Ingekuwa nafuu kama ingekuja.

Kesho yake mama alimshika mkono wakaenda kibandani kwa Kimya, saa ambayo njia ilikuwa imejaa watu. Mama aliomba radhi mbele yao wote kwa kumchafulia fundi jina. Darubini naye akasema kwamba fundi aliwaonya na yeye ndiye aliyedanganya. Kimya alikohoa, akapangusa pua.

"Haya, yamekwisha," alisema. "Mngenyamaza wiki moja zaidi ningesahau kuongea." Watu wakacheka. Darubini hakuweza kucheka.

Matokeo yalipotoka, jina lake halikuwemo. Wenzake walivuka kwenda sekondari, naye akarudi kwenye dawati lilelile, akipelekwa kwa kubembeleza baiskeli za majirani. Baba alikaa nyumbani miezi minne. Mwokaji alimpa mtu mwingine ile kazi ya kupeleka mikate, na harufu ya mkate asubuhi ikawa kitu cha kumkumbusha kosa lake.

Hatimaye Kimya aliifunga cheni mpya na spoketi zote mbili, na baba akarudi barabarani, akichechemea. Jumamosi ya kwanza Darubini alisugua na kupaka oili kama zamani. Ulipofika wakati wa kusoma, baba alitoa miwani mipya aliyopewa hospitali, akaivaa, akainama na kusoma mwenyewe. Hakumuuliza. Jumamosi ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu. Darubini alizoea kutazama pembeni ili machozi yasionekane.

Jumamosi ya saba baba aliifuta miwani kwa shati. Akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Soma," alisema.

Darubini aliinama. Akasoma upande wa kulia, akajikokota akasoma wa kushoto, akarudi tena wa kulia.

"Wa pili, baba. Pande zote mbili."

Baba aliketi chini kando yake, mguu mbovu akiunyoosha. "Sikiliza, mwanangu. Cheni kuchakaa si kosa. Kila kinachofanya kazi huchakaa, hata mimi baba yako. Kilichonivunja mguu ni neno moja, 'sita'. Ungeniambia nane, Jumatatu ile ningekubeba mgongoni tangu alfajiri. Au tungelala kwa shangazi yako, pale nyuma ya shule. Njia zilikuwepo. Ulizifunga zote peke yako, kwa sababu uliogopa ukweli kabla hujatupa nafasi ya kuubeba pamoja nawe. Ukweli mbaya ukisemwa mapema hupata wa kuusaidia. Ukifichwa, huchagua wenyewe siku ya kutoka."

"Nisamehe, baba."

"Nilikusamehe zamani. Kuamini ndiko kulikochelewa." Akamkabidhi kopo la oili. "Nitakuuliza tena Jumamosi ijayo, na nyingine, na nyingine. Siku ukiona nane, hata kama ni siku ya harusi yako, sema nane."

"Nitasema, baba," Darubini akajibu, akaanza kudondosha oili, tone kwa tone.