Namba Moja ya Foronya

Asubuhi Fundi alifungua mlango wa chumba cha mbele, akapangusa cherehani, akaitia mafuta. Mezani kulikuwa na sare za shule zinazosubiri vifungo. Hata hajakaa sawasawa, mtu akachungulia.

"Hodi. Komeo yupo?"

"Katoka. Kaenda sokoni."

"Basi msalimie. Mwambie Jumamosi tutakuja uwanjani kumwona."

Fundi aliitikia kwa kichwa tu. Siku hizi kila aliyepita alimuuliza Komeo. Hakuna aliyeuliza Fundi kaamkaje.

Komeo alikuwa dada yake mkubwa. Zamani alidaka katika timu ya taifa ya wanawake, ile ya kwanza kabisa nchini. Watazamaji ndio waliompa jina hilo, maana akisimama golini, mlango umefungwa. Sasa dada hao wawili walikuwa wajane, wakiishi nyumba moja. Na uwanja mkuu ulikuwa umetenga chumba cha kumbukumbu za timu ya taifa. Jezi ya Komeo ingewekwa humo, ndani ya kabati la kioo.

Fundi alimpongeza dada yake kwa mdomo. Moyoni alikuwa na kijiba.

Komeo aliporudi kutoka sokoni, alimwekea jezi juu ya cherehani.

"Mdogo wangu, nifulie hii, uipige pasi. Na namba hii imekaa upande, inyooshe. Watu wasije wakasema kipa wa taifa alivaa tambara."

"Imekaa upande tangu nilipoishona."

"Ndiyo maana nakwambia uinyooshe."

Komeo akaenda kwa jirani. Sauti yake ikapita dirishani: "Mechi yetu ya kwanza ya taifa, sikufungwa hata goli moja!"

Fundi aliitazama ile jezi. Timu ilipewa jezi za wanaume, zikawafika magotini. Ni yeye aliyezipunguza. Namba hazikuwepo, akazikata kwenye foronya ya mama yao. Mama akalalia mto mtupu, na aliyegombezwa ni Fundi, si Komeo. Leo nani anaitaja foronya?

"Jezi ni yake," akajisemea. "Namba ni yangu. Aende na jezi yake."

Akachukua wembe, akaanza kufumua. Upande mmoja wa namba ukaachia, ukaning'inia kama ulimi.

"Hodi hapa."

Alikuwa mwanamke kijana kutoka uwanjani, mtunzaji wa kile chumba. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe cha pamba. Alipouona wembe, akasimama.

"Mama, tafadhali, usiendelee."

"Nainyoosha namba," Fundi akasema. Ulikuwa uongo.

"Usiinyooshe. Usiifue, wala usiipige pasi. Kitu cha kumbukumbu ukikifanya kipya, kinakuwa bubu. Doa linatueleza jambo. Hata uzi unatueleza." Akainama, akaitazama ile mishono. "Nani alishona hapa?"

Swali hilo Fundi hakuwahi kuulizwa. Aliuweka wembe mezani.

"Mimi."

"Kabla ya mechi gani?"

Komeo alikuwa amerudi, amesimama mlangoni. Fundi alimwona. Akasema hata hivyo.

"Kabla ya mechi tuliyofungwa tatu bila. Ile ambayo huyu hakufungwa, walicheza na klabu ya hapa hapa mjini. Siku hiyo jezi hazikuwa na namba. Tulipokuja kucheza na nchi jirani, refa akakataa. Akasema bila namba hamchezi. Nikashona asubuhi ile ile, mbio mbio. Ndiyo maana imekaa upande."

Komeo akavuta kiti, akakaa.

"Umeisubiri siku ya mgeni kunivua nguo?"

"Ndiyo, dada. Kila anayekuja mlangoni kwangu anakuuliza wewe."

Mtunzaji hakucheka. "Mama zangu, timu ya taifa ikicheza na klabu, hayo ni mazoezi. Rekodi ya taifa ni taifa kwa taifa, hata mechi ikiwa ya kirafiki. Kufungwa hakufuti rekodi. Mechi ya kwanza ni ya kwanza tu. Ila nisiandike kwa neno la mmoja. Kuna picha?"

Picha ilikuwa ukutani, Komeo mwenyewe aliitundika. Ilipigwa siku ile walipoishinda klabu ya mjini. Mchezaji mmoja alikuwa amegeuka, mgongo wote unaonekana. Komeo aliitazama muda mrefu.

"Hana namba," akasema.

"Na magazeti ya zamani nitayatafuta," akasema Mtunzaji. "Mliyoyaona kwa macho tutayaandika. Mliyoyasikia tutayaandika kando, tuseme mliyasikia kwa nani."

"Basi andika pia kwamba jua lilikuwa usoni mwangu," akasema Komeo.

"Kipindi cha kwanza tu, dada."

Komeo akamkata jicho, kisha akacheka bila kutaka.

Mtunzaji aliikunja jezi ndani ya kitambaa cha pamba. Akawaonya wasiweke nguo ya kumbukumbu kwenye mfuko wa nailoni, maana unafuga unyevu, wala mahali pa jua, maana rangi hukimbia. Namba aliiacha inaning'inia vile vile.

Jumamosi wasichana wa shule walilizunguka kabati. Kibao kilieleza mechi ya kwanza, tatu bila. Chini yake: *Namba imeshonwa na mdogo wa kipa, kwa foronya ya mama yao.*

"Bibi, mama yenu alisema nini?"

"Bibi, mbona namba inaning'inia?"

"Hiyo ni kazi ya wivu wangu," Fundi akasema. Wakacheka, wakamsogelea zaidi.

"Hamtaki kujua nilivyodaka?" akauliza Komeo.

"Subiri kidogo, bibi. Kwanza foronya."

Komeo akakunja mikono. "Magoli nimefungwa mimi, maswali anaulizwa yeye."

"Sogea, dada," Fundi akampisha kwenye benchi. "Karibu unaingia uwanjani."

Jumatatu asubuhi Komeo ndiye aliyefungua mlango. Mtu akachungulia.

"Hodi. Fundi yupo?"

"Yupo," akajibu Komeo. Na hakufanya haraka kumwita.