Nilipita Nyekundu

Alhamisi ya soko, saa nne asubuhi, barabara ya kuingia Nakuru kutoka Njoro ilikuwa imefurika. Malori ya viazi kutoka Molo yalifuatana, punda walivuta mikokoteni ya kuni, akina mama walitembea wameinama chini ya vikapu vya kabichi, na vumbi jeupe la ziwani lilimwingia kila mtu mpaka kwenye meno. Katikati ya msafara huo kulikuwa na landrova ya kijivu yenye msalaba mwekundu ubavuni. Aliyeshika usukani alikuwa msichana, na watu walisimama kumtazama.

Chemutai alikuwa ameshazoea kutazamwa. Alikuwa nesi katika zahanati ya misheni kule juu Molo, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, na gauni lake jeupe la kazi alilivalia sweta ya buluu aliyoifuma mwenyewe. Baba yake, aliyekuwa dereva wa trekta kwenye shamba la mzungu, alimfundisha kuendesha katikati ya mashamba ya pareto tangu miguu yake ilipoanza kufika kwenye breki. Dereva wa zahanati alipohamishwa katika siku zile za hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni, Chemutai alikwenda kufanya mtihani. Mzungu wa mtihani alimzungusha mji mzima mara mbili akitafuta kosa. Hakulipata, akatia sahihi huku amenuna. Tangu siku hiyo Chemutai alishuka Nakuru kila Alhamisi kuchukua dawa, na tangu siku hiyo walikuwapo watu waliongoja kwa hamu siku atakayokosea.

Siku yenyewe ilikuwa hii.

Mbele yake lilikwenda lori lililorundikwa magunia ya viazi mpaka likawa refu kama nyumba. Lori lilivuka reli ndogo ya kiwanda cha mbao cha Tresham, na Chemutai akalifuata mkia. Alipofika katikati ya reli alisikia king'ora upande wa kushoto, karibu mno, akageuka akaona chuma cheusi na moshi. Hakushika breki. Alikanyaga mafuta mpaka chini, landrova ikaruka mbele kama mbuzi, na gari moshi lenye magogo likapita nyuma yake, upepo wake ukilitikisa turubai la landrova.

Alisimama kando ya barabara. Mikono yake ilikataa kuachia usukani.

"Wewe mama!" Mwanamume mrefu aliyevaa koti la khaki lililofika magotini alikuja mbio, bendera mkononi. "Hii ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Na ulipopita ilikuwa rangi gani? Nyeupe?"

"Sikuiona."

"Hukuiona! Bendera kubwa kama shuka la kitanda!"

"Nimesema sikuiona. Kulikuwa na lori mbele yangu. Unataka niseme uongo ndio ufurahi?"

Mwanamume alilitazama gauni jeupe la msichana likitetemeka magotini, akaitazama mikono yake mwenyewe, nayo ilikuwa ikitetemeka vilevile. Ghafla akacheka. Alikuwa na mwanya katikati ya meno ya juu.

"Basi shuka, dada. Sisi wawili hakuna anayefaa kushika kitu sasa hivi. Niko na chai kwa kibanda."

Jina lake lilikuwa Khaemba, mtu wa Kimilili, na kazi yake ilikuwa kulinda mahali pale reli ilipoikata barabara. Alimpa chai katika kikombe cha bati, yeye akanywea kifuniko cha birika.

"Utaniandika?" Chemutai aliuliza.

"Kuna kitabu. Lakini mtu hajaumia, gogo halijaanguka. Hii tumeimaliza hapa."

"Kama ukiandika, andika jina vizuri. Chemutai, si mama."

"Chemutai," alirudia polepole, kama anayeonja kitu. "Nimeliandika, lakini si kwa kitabu."

Toka siku hiyo Alhamisi zilibadilika. Landrova ilisimama kwenye kibanda wakati wa kwenda na wakati wa kurudi. Khaemba alimpa sukuma wiki kutoka bustani yake ndogo iliyokuwa kando ya reli. Chemutai alimletea maziwa ya Molo, mazito, yenye baridi bado. Na katikati ya juma simu ya zahanati ililia, kwa sababu Masinde, karani wa simu pale kiwandani, alikuwa mtu wa kwao Khaemba, naye alijua kuunganisha waya bila kuuliza mengi.

"Hallo, zahanati? Niko na mgonjwa hapa."

"Anaumwa nini?"

"Moyo. Unaruka kila akiona msalaba mwekundu."

"Mpe kwinini."

"Kwinini ni chungu, daktari."

"Basi mwambie aache kusumbua wafanyakazi wa Mungu," alisema Chemutai, na hakukata simu mpaka Masinde mwenyewe alipokohoa kwenye waya.

Hata hivyo hofu haikumtoka. Akiwa barabarani alisimama kwa kila kitu chekundu: blanketi kwenye kamba, nyanya sokoni, mara moja kofia ya mzee aliyekuwa akijisaidia kichakani. Alijua kwamba kama habari ile itafika kortini, atakayehukumiwa hatakuwa yeye peke yake. Wangesema, mnaona? Tuliwaambia mwanamke hawezi.

Wiki ya nne samansi ilifika, karatasi ya kumwita kortini. Aliyeifungua ni Hiram, karani wa misheni, mtu wa tai na miwani, ambaye tangu mwanzo hakupenda kumwona msichana akishika usukani.

"Kupita ishara ya hatari kwa dharau," alisoma kwa sauti ya kanisani. "Hii ni faini, Chemutai. Ama laiseni yako ya udereva ichukuliwe. Ama jela."

"Nani ameshtaki?"

"Kiwanda. Shahidi wa kwanza ni huyu hapa." Aliweka kidole. "W. Khaemba."

Chemutai alilisoma jina lile mara tatu. Aliikumbuka chai, sukuma wiki, na kile kicheko cha mwanya, akaona uso wake ukiwaka moto. Kumbe mtu alikuwa akimchekea kwenye simu huku jina lake liko kwenye karatasi ya polisi.

"Akipiga simu," alimwambia Hiram, "sipo."

"Hilo nitalifanya kwa furaha." Hiram aliikunja samansi vizuri. "Na kortini usibishane. Mlilie hakimu. Mwanamke akilia, mzungu anaona haya."

"Sina machozi ya kupeleka kortini."

"Basi sema breki zilikataa."

"Breki nilizikaza mwenyewe Jumatano ile, siku moja kabla. Nisingizie breki zangu?"

Alhamisi zilizofuata alipita pale kwenye reli bila kugeuza shingo. Khaemba aliinua mkono, akaushusha. Mara moja alikimbia kando ya landrova akiita jina lake, na Chemutai akabadilisha gia akamwachia vumbi. Alilia baadaye, peke yake kwenye stoo ya dawa, akavunja chupa ya aidini, akaipangusa sakafu kwa hasira.

Siku ya kesi ilikuwa mwanzo wa mwezi wa sita, asubuhi ya manyunyu. Chemutai alivaa gauni la kijani la Krismasi, kitambaa cha manjano kichwani, na viatu alivyoving'arisha mpaka vikaonyesha dirisha. Korti ilijaa, habari za dereva mwanamke zilikuwa zimezunguka soko lote. Kwenye benchi la mbele alikaa meneja wa kiwanda, mzungu mnene mwenye kofia magotini, na kando yake Khaemba, koti lake la khaki limepigwa pasi. Alikuwa amekonda. Chemutai alitazama ukuta.

"Unashtakiwa kwamba ulipita bendera nyekundu kwa kuidharau," alisema mkalimani. "Unakubali ama unakataa?"

"Nakubali nilipita. Nakataa nilidharau."

Hakimu, mzee wa Kizungu mwenye mafua, aliinua kichwa. Mkalimani alinong'ona, "Dada, chagua moja."

"Sichagui. Mwambie aandike vile nimesema."

Shahidi wa kwanza aliitwa. Khaemba alisimama, akaapa, akashika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Meneja alimwashiria kwa kichwa kidogo, kama mtu anayempa farasi ruhusa.

"Huyu mama alipita bendera yangu," alisema Khaemba. "Nyekundu. Nilikuwa nimeiinua."

Chemutai alizidi kuukazia macho ukuta.

"Lakini hakuiona," aliendelea Khaemba. "Mimi nilisimama upande wa kushoto, na lori la viazi lilinificha. Pale panatakiwa watu wawili, mmoja kila upande. Mwenzangu aliondolewa mwezi wa kwanza ili kupunguza wafanyakazi. Nilimwambia meneja mara tatu kwamba siku moja mtu atakufa. Kabla ya huyu mama, malori mawili yalipita hivyo hivyo."

Meneja alisimama, kofia ikaanguka. Hakimu alimtuliza kwa mkono, akapenga kamasi, akauliza, "Uliambiwa useme hivi?"

"Hapana, bwana. Niliambiwa niseme mengine. Kwamba alipita akicheka."

"Na je, alicheka?"

"Hakucheka. Alikuwa anatetemeka. Na mimi pia."

Korti nzima ilinguruma, mpaka askari akapiga rungu mlangoni. Chemutai alikuwa ameacha kutazama ukuta.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba kiwanda kitaandikiwa barua juu ya lile jambo la watu wawili. Akasema pia kwamba dharau haikuonekana. Ila nyekundu ni nyekundu, na dereva ndiye anayetakiwa kuitafuta kwa macho, hata nyuma ya lori. Faini, na laiseni itashikwa na korti miezi mitatu. "Mshtakiwa ana neno?"

Hiram, aliyekaa nyuma, alijigusa jicho kumwonyesha alie.

"Niko nalo," alisema Chemutai. "Huu ni mwezi wa sita. Mwezi wa tisa nitakuja kuchukua laiseni yangu hapa hapa. Naomba iwekwe mahali pakavu."

Mkalimani alisita, halafu akalitafsiri lote. Hakimu alichovya kalamu yake. "Itawekwa kwenye kabati," alisema.

Nje, kwenye veranda, meneja alikuwa ameshamaliza maneno yake, nayo yalikuwa machache. Khaemba alivua lile koti la khaki, akalikunja, akamkabidhi. Akabaki na shati lenye kiraka kwenye kiwiko, manyunyu yakimwangukia.

Chemutai alimwendea moja kwa moja.

"Ulisema hukuandika."

"Sikuandika. Dereva wa gari moshi ndiye alisema. Meneja akaniuliza mbona kitabu hakina kitu, halafu akaniweka shahidi. Alidhani nitaogopa kupoteza nyumba, kwa sababu nyumba ni yake."

"Na hukuniambia!"

"Nilipiga simu mara tano. Bwana Hiram aliniambia zahanati haihitaji bendera."

Chemutai aligeuka. Hiram alikuwa akichunguza viatu vyake.

"Ulisema hupo," alijitetea. "Mimi nilitii."

"Leo pia tii. Tafuta dereva pale misheni ya mjini akurudishe na landrova. Na dawa za Alhamisi zitapanda gari moshi na mimi, mpaka mwezi wa tisa. Zahanati haifungwi kwa sababu ya karatasi." Akamrudia Khaemba. "Na wewe, unangoja nini kwenye mvua?"

Walipanda gari moshi la Molo, daraja la tatu, lililojaa kuku na magunia. Behewa la mbao lilitikisika likipanda Njoro, likapanda Elburgon, na baridi ikaanza kupenya kwenye nyufa. Chemutai alifungua kitambaa chake cha manjano akamfunika Khaemba mabega, na mama mmoja mwenye bata aliwatazama bila aibu njia nzima.

"Sina kazi," alisema Khaemba. "Sina nyumba. Hata koti sina. Nataka kukuoa."

"Umechagua siku nzuri kweli!"

"Nimechagua siku ambayo huwezi kusema kuna kitu nimekuficha."

Mama wa bata alicheka. Chemutai alijizuia.

"Sikiliza vizuri, Khaemba. Mwezi wa tisa narudi kwa usukani. Nikiwa mke, nitakuwa kwa usukani. Nikiwa na mtoto mgongoni, nitakuwa kwa usukani. Watu wa kwenu watasema, na watu wa kwetu watasema."

"Waseme. Mimi naomba kiti cha pembeni."

Chemutai alimshika mkono mbele ya gari zima. "Basi kamwombe baba. Leo, kabla hujakauka."

Baba yake Chemutai, Mzee Arap Sitienei, aliwakuta mlangoni, overoli yake ikinuka mafuta ya trekta. Alimkagua mgeni kuanzia kichwani, kwenye kitambaa cha manjano mabegani, mpaka kwenye viatu vyenye matope.

"Kazi yako ni nini, kijana?"

"Sina, mzee. Nimefukuzwa leo saa tano."

"Kwa nini?"

"Nilisema ukweli kortini. Juu ya binti yako."

"Ukweli gani?"

Khaemba alimeza mate. "Kwamba alipita bendera yangu. Nyekundu."

Mzee alimgeukia Chemutai. "Ni kweli ulipita?"

"Nilipita, baba. Wamechukua laiseni miezi mitatu."

"Na huyu aliyekushtaki ndiye unayeniletea nyumbani kwangu?"

"Ndiye," alisema Chemutai, na kidevu chake hakikushuka. "Na akikataliwa yeye, nitasimama hapa hapa nje na yeye."

Ukungu wa Molo ulizunguka miguu yao. Halafu mabega ya mzee yakaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka kikubwa mpaka ng'ombe wakageuka zizini.

"Mama Chemutai!" aliita ndani. "Leta maziwa, leta na blanketi! Kuna mtu hapa hajui kudanganya, na meno yanamgongana kwa baridi."